Viraka Kwenye Kitabu cha Kwaya

Mirongo, Mwanza
Jumatatu, 4 Agosti 1997

Dada Kashindye,

Odeta amekabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta. Funguo zote mbili, wa mlango na wa kabati la disketi, na tangu Ijumaa hakuna karatasi inayotoka katika ofisi ile kabla yeye hajaipitia. Wanaume wawili wazima, kila mmoja na ofisi yake, walikaa mezani wakimgombea mwanangu kama watu wanaogombea dume mnadani, nami nilikuwapo, sikusimuliwa.

Sasa ngoja nirudi nyuma nikusalimie, maana nakuona hapo ulipo unatikisa kichwa na kusema huyu Dorotea hata uzee hautamfundisha adabu. Shikamoo dada. Mume wangu Shigela naye anakuamkia. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kifua kimemwachia? Tunasikia wanunuzi binafsi wa pamba wamefika mpaka huko kwenu na mizani zao, kila mmoja anavuta upande wake. Mwambie shemeji awe macho. Michembe ya viazi uliyotuma ilifika na haikuingia maji pale pantoni. Nimeipika na karanga, Shigela akala mpaka akasahau kufungua redio ya taarifa ya habari, na wewe unamjua alivyo na ile redio.

Sisi ni wazima. Shigela tangu apunguzwe kule kiwandani anashinda nyumbani akitengeneza majiko ya watu, na mimi bado niko na mitumba yangu, meza ile ile. Sikufichi, dada, nyumba hii kwa sasa inasimama kwa mshahara wa Odeta. Na wiki iliyopita alibakiza kidogo afukuzwe. Nitakueleza yote, usiruke mistari.

Unakumbuka alivyojifunza kupiga chapa? Alichora vibonyezo vya taipureta kwenye boksi la sabuni, akawa anapiga boksi jioni nzima huku anaimba, mpaka Shigela akauliza kama mtoto ana homa. Kisha yule Mhaya, bwana Muganyizi, alipostaafu serikalini akafungua ofisi yake ya kuchapa barua na kutoa nakala, akaleta kompyuta mbili. Wasichana kumi na mmoja walikwenda kujaribiwa. Alichukuliwa mmoja. Mama wa nyumba ya pili, yule ambaye mwanawe yuko benki, akaniambia eti kazi ya kompyuta ni kukaa tu kwenye feni. Nikamwambia mama, hata hakimu anakaa.

Basi mwaka huu kwaya yetu inatimiza miaka ishirini na mitano, na Mwalimu Revocatus, kiongozi wetu wa kwaya, akasema nyimbo zetu haziwezi kuendelea kulala kwenye madaftari yanayoliwa na mende. Zitolewe kitabu. Nyimbo arobaini, pamoja na zile nota zetu za solfa za herufi, sauti zote nne zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine. Walipozunguka mjini kutafuta mtu wa kupiga chapa kitu kama hicho, kila ofisi ilikataa, kwa sababu ukiongeza herufi moja kwenye sauti ya kwanza, sauti ya pili nayo inasogea, na ya nne inakwenda kuangukia wimbo wa jirani. Odeta akasema yeye ataweza. Hakumuuliza mtu.

Nikueleze alivyofanya, maana alinikalisha mbele ya mashine akanionyesha, na mdogo wako huyu sasa anajua kitu ambacho hata mwenye mwana benki hajui. Kila wimbo aliupanga kwanza kwenye programu ya mahesabu, ile yenye visanduku vingi kama dirisha la nyavu, kila nota na kisanduku chake, isihame. Kisha akauchukua wimbo wote na kuutia ndani ya ukurasa wa kitabu. Ukiutazama pale kwenye ukurasa ni kama picha tu, imetulia, huwezi kuchomeka herufi. Lakini ukiushika ule mkono wao wanaouita mausi, ukabonyeza picha mara mbili haraka haraka, picha inafunguka na visanduku vyote vinatokea, unatengeneza unachotaka, ukifunga picha nayo inabadilika. Nikamuuliza, sasa si ungeweka picha peke yake, yanini mzigo wote huo? Akaniambia mama, wewe unauza magauni. Gauni zuri si unalijua kwa upindo?

Hapo nikaelewa bila kuongezewa neno. Gauni zuri ukiligeuza ndani unakuta fundi amekunja kitambaa cha vidole vitatu na kukishona pale. Mnunuzi akiwa mrefu unafumua, unashusha, linamkaa. Gauni baya limekatwa kwenye mshono, likikubana limekubana. Akasema kazi zake zote zina upindo, kwa sababu Mwalimu Revocatus habadilishi nota mara moja, anabadilisha mara kumi. Nikamtazama vile vidole vyake, dada, nikasema kimoyomoyo huyu nimemzaa mimi.

Alimaliza mwezi wa sita mwishoni. Akakisoma kitabu mstari kwa mstari, mara tatu, na Mwalimu pembeni akiimba kila sauti. Disketi nne zikapelekwa kwenye kiwanda cha chapa, maana mwenye kiwanda alisema atatoa karatasi mwenyewe kwa mashine yake. Pale kuna kijana wa kompyuta anaitwa Chenge, mpole, mtu wa Magu. Sasa Mwalimu, kama alivyotabiri mwanangu, akakumbuka masahihisho. Badala ya kumrudia Odeta akaona kiwanda kiko karibu na shule anayofundisha, akampelekea Chenge orodha kwa kalamu nyekundu.

Chenge akabonyeza. Picha haikufunguka. Programu zake ni za zamani, zinaona gauni lakini mkono haufiki ndani. Mtu mwingine angesema nimeshindwa, rudisheni kwa aliyeshona. Yeye akaona aibu. Akachora kibandiko cheupe kidogo juu ya nota iliyokosewa, akaiandika mpya juu ya kile cheupe. Kiraka, dada. Kwa macho huoni kitu, kumenyooka kabisa. Akafanya hivyo kila mahali palipokuwa na wekundu.

Kisha mashine ya kiwanda ikatoa herufi zenye meno meno, hazifai kitabu, ikabidi disketi zirudi kwa bwana Muganyizi ambaye printa yake inatoa herufi safi. Odeta akapunguza ukubwa wa kurasa zote ziingie kwenye kitabu kidogo cha mkononi. Nyimbo zikapungua ukubwa. Viraka havikupungua. Kila wimbo ulijichora upya kutoka ndani kwake, ukasogea, viraka vikabaki vinaelea pale vilipoachwa. Na mwanangu, hili analikiri mwenyewe na mimi sitamfichia, hakuzisoma tena kurasa. Alikuwa amekwisha zisoma mara tatu. Hakufikiri kwamba kazi ikipita mikono mingine si ile uliyoiacha. Alizifunga kwenye bahasha akampa Mwalimu, wakaagana kwa furaha.

Jumanne iliyopita Mwalimu Revocatus akaingia ofisini na kurasa mkononi, na wewe hujawahi kumwona Mwalimu akiwa amekasirika, hapazi sauti, anazidi kuwa mpole. Akaziweka mezani moja moja. Makosa yake yote ya zamani yamerudi, na masahihisho yake yamekaa angani, au yamekwenda kufunika nota nzima nzima za watu wasio na hatia. Wimbo wa matoleo, ule namba kumi na saba tunaouimba watu wakipeleka mazao altareni, ndio uliokuwa na aibu zaidi. Juu yake palikuwa pameandikwa mtunzi ni Kashindye Shimba wa Sengerema. Na chini, katikati ya mstari wa sauti ya nne, pale ambapo wanaume huguna do-do-sol, limekaa jina la Dorotea Shigela. Jina langu, dada, besi wanatakiwa waliimbe.

Mwalimu akauliza kitabu kina watunzi wangapi kwa wimbo mmoja. Bwana Muganyizi hakuelewa viraka wala upindo, alichoelewa ni kwamba kazi kubwa kuliko zote iliyowahi kuingia ofisini kwake imeharibika, na iliyoharibu ni mikono ya Odeta. Akamwambia mbele ya wateja kwamba ana mpaka Ijumaa saa kumi. Aje aeleze mbele ya kamati ya kwaya na mwenye kiwanda jinsi ilivyokuwa, na asipoeleza ikaeleweka, arudishe mausi mezani aende kwa mama yake akauze mitumba. Alisema hivyo hivyo.

Siku tatu mtoto hakula. Anarudi, ananawa, anakaa na kipande cha karatasi anachora visanduku. Shigela akamwambia aombe msamaha yaishe. Akajibu, baba, niombe msamaha kwa kosa lipi, kwanza nilijue.

Ijumaa tukakutana. Bwana Muganyizi, mwenye kiwanda, Chenge, Mwalimu Revocatus, na mimi na mama mmoja wa sauti ya kwanza kama wajumbe wa kamati. Odeta alikuwa amevaa ile blauzi ya bluu niliyomchagulia kwenye robota la mwezi wa tano, kola yake imesimama kama ya mwanasheria. Akafungua wimbo wa kwanza kwenye mashine, akatuita tusogee tuone, hata bwana Muganyizi akavaa miwani. Akabonyeza mara mbili. Ndani kukawa na wimbo wote, umenyooka, kama alivyoupiga mwezi wa sita. Akafunga. Akashika kile kibandiko cheupe kwa mausi, akakivuta pembeni kama mtu anayeondoa jani kwenye maziwa. Kumbe kiko peke yake, hakijashikamana na kitu. Akasema kwa upole kabisa kwamba huu ni wimbo wangu na hiki si changu. Mimi nikibadilisha naingia ndani.

Mwenye kiwanda akamgeukia Chenge. Kijana akasema ukweli, viraka ni vyake, aliona aibu kusema programu imemshinda. Mwalimu Revocatus akavua kofia, akasema na yeye ana lake, kalamu nyekundu ilipaswa kupelekwa kwa mshonaji. Odeta akasema na mimi sikuzisoma ziliporudi. Unaona watu wazima wanavyosemezana, dada? Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa nimekwisha shika pochi yangu.

Lakini bwana Muganyizi alikuwa karani wa serikali miaka thelathini, na mtu wa namna hiyo anahesabu kila kitu. Alikuwa akihesabu viraka huku wenzake wanasameheana. Akasema kwenye orodha nyekundu ya Mwalimu kuna masahihisho ishirini na matatu, na viraka ni ishirini na vinne. Cha ishirini na nne ni lile jina kwenye wimbo namba kumi na saba. Aliagiza nani? Mwalimu akasema si yeye. Chenge akatazama meza. Akabanwa, akasema aliambiwa kwamba ni maagizo ya Odeta, alisahau, aliomba jina lirekebishwe.

Bwana Muganyizi akavua miwani. Akamwambia Odeta, nota naweza kukusamehe, nota ni mashine. Lakini hili ni jina la mama yako. Mtu analeta hati yake hapa, mirathi, mkataba wa kiwanja, akisikia kuna msichana anatoa jina la mwenye mali na kuweka la mama yake, mimi nitafunga mlango kesho. Odeta akajibu neno moja tu ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani. Alisema, ningetaka kubadilisha jina ningeingia ndani, na msingejua maisha yenu yote.

Basi, kwa kifupi, ilithibitika kwamba si yeye. Mwenye kiwanda akawa wa kwanza kusema. Alisema miaka yote anatafuta mtu anayeacha upindo ndani ya kazi, na kama ofisi hii haimtaki, kiwandani kwake kuna kiti Jumatatu. Bwana Muganyizi akaruka kama aliyekalia siafu. Akasema nani kakwambia hatakiwi. Yule akaongeza kwamba atampeleka Dar akasome miezi miwili. Huyu akasema Dar atampeleka yeye. Wakavutana hivyo, na mwanangu amekaa mikono mapajani kama bibi harusi anayesikiliza wajomba wakipatana. Mwisho bwana Muganyizi akatoa funguo mfukoni akaziweka mbele yake. Odeta hakuzichukua mara moja. Alisema atazichukua kwa sharti: kazi yenye kitu ndani ibandikwe karatasi kwenye disketi kusema imeshonwa kwa programu ipi, ikitoka nje ikarudi isomwe upya, na asiyeweza kuingia ndani aseme hawezi, hatachekwa. Alimtazama Chenge aliposema hatachekwa. Kijana yule aliinamisha kichwa, na nadhani tangu siku hiyo mwanangu akimwambia akaoge ziwani na mamba ataenda.

Nimemwambia mama wa nyumba ya pili habari ya funguo. Nilipita kwake mara mbili, mara ya kwanza hakuwepo.

Dada, ukisoma vizuri utaona nimeruka mahali. Nimesema kwa kifupi ilithibitika. Haikuthibitika yenyewe.

Aliyekwenda kwa Chenge nilikuwa mimi. Nilimpelekea koti la mtumba, la Kizungu, lenye vifungo vya shaba, nikamwambia Odeta amenituma, jina kwenye namba kumi na saba limekosewa, mtunzi ni Dorotea Shigela. Na ile Ijumaa Chenge alikuwa amelivaa koti hilo, kwenye joto lile, kwa sababu ndilo nguo yake nzuri. Alinitazama mara moja alipobanwa, kisha akatazama meza. Hakunitaja. Kijana wa watu alikubali aonekane mwongo.

Unajua wimbo ulikotoka. Ulikuwa wa kulimia, uliutunga kwenye pamba ya baba mwaka ule mvua ziliponyesha mpaka Juni, ukaimba mbele nasi tukaitikia nyuma yako. Mwaka wa themanini na tano kwaya ilikosa wimbo wa matoleo, nikauimba, wakaugeuza maneno kidogo, watu wakapiga vigelegele kanisani. Mwalimu akauliza ni wa nani. Mimi sikusema ni wangu, dada. Nilicheka tu na kutazama chini. Nao wakasema Mama Odeta ana kipaji. Ile cheko yangu imekaa miaka kumi na miwili. Mimi niliishia darasa la nne, sijawahi kuona jina langu limeandikwa mahali isipokuwa kwenye kadi ya kliniki. Nikasikia kuna kitabu kinachapwa.

Odeta hakuniuliza jina. Aliandika lako moja kwa moja, kwa sababu Krismasi alipokuja kwako ulimfundisha mwenyewe. Nilipoliona kwenye karatasi yake sikuweza kumwambia alitoe. Ningemwambia nini? Ndipo nikaenda kwa mtu asiyejua. Kisha zile siku tatu mtoto hali, mimi nilikuwa napakua ugali na kufunika, najua kila kitu, na sisemi. Nilijiambia ataelewa mwenyewe, ana akili, atajitoa bila mimi. Hata pale ofisini, alipoulizwa kuhusu jina la mama yake, niliendelea kujiambia hivyo.

Mwalimu Revocatus ndiye aliyesema hebu fungua na huo wa kumi na saba tuone ndani kuna nani. Odeta akabonyeza. Juu palikuwa na wewe, Kashindye Shimba. Lakini akazidi kushuka chini, maana picha kwenye ukurasa inaonyesha beti mbili tu, nafasi ilikuwa ndogo, na ndani alikuwa ameandika zote ulizomfundisha. Mimi nilijua beti mbili. Sikujua kwamba nilipoolewa nikaja mjini wewe uliongeza wa tatu.

Nilisoma polepole kama ninavyosoma. Wanasema wenzangu waliona midomo yangu inatembea. Lete jembe lako mdogo wangu, kaa kivulini unywe maji, mstari wako nitaulima mimi, jioni tutasema tumelima wawili.

Ulikuwa unaulima kweli, dada. Kila siku. Na jioni ulimwambia baba tumelima wawili.

Nikasimama. Nikasema Chenge hasemi uongo, aliambiwa, na aliyemwambia ni mimi, na Odeta hakunituma, hakujua. Nikasema wimbo si wangu, haujawahi kuwa wangu, ni wa dada yangu yuko Sengerema. Yule mama wa sauti ya kwanza akaguna. Bwana Muganyizi akaniuliza kama ninaelewa nilichosema, nikamwambia naelewa. Chenge akaanza kuvua koti, nikamwambia kaa nalo, limekukaa.

Kwaya haikunifukuza. Mwalimu aliniambia nitaendelea kuimba, ila safu ya nyuma mpaka Krismasi, nami nimekubali. Ninaona vizuri tu kutoka nyuma. Tulipofika darajani pale mtoni tukirudi, Odeta akanishika mkono, akasema mama, kiraka chako hakikukaa hata kwenye mstari wake. Nikacheka nikalia. Kisha akasema kurasa thelathini na tisa zimekwisha kwenda kiwandani, na yeye ndiye mwenye funguo. Ukurasa wa kumi na saba hautoki mpaka mama mkubwa aseme. Amemwambia hivyo hata Mwalimu. Mtoto wa mama aliyeishia darasa la nne, dada, anazuia kitabu cha parokia nzima kwa ajili ya jina lako, ingawa aliyelichafua ni mimi mamaye. Nitajisifu naye, niache nijisifu naye, sina kingine kilicho safi wiki hii.

Nakuomba msamaha. Sijui kuuandika zaidi ya hapo. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Mwalimu, inasema kama unakubali wimbo uingie kitabuni na jina liandikweje. Kama hukubali, andika hukubali, tutautoa, na mimi sitakuwa na neno. Kama unakubali, usiitume kwa mtu, ilete mwenyewe. Ubeti wa tatu hakuna anayejua sauti yake isipokuwa wewe na Odeta, na Odeta anasema yeye ana maneno lakini mwendo unaujua mwenyewe. Panda basi la Alhamisi tarehe 14, Chenge amejitolea kukupokea stendi. Utamjua kwa koti.

Msalimie shemeji, msalimie mama mkwe wako na umwambie dawa ya macho nimeipata. Watoto wote wabusu vichwa. Wakija waje na viatu, huku vumbi limezidi. Jirani zako waliolima nasi enzi zile, wale waliobaki, waambie kwamba utasimama mbele na sisi tutaitikia nyuma yako, na kwamba wanatakiwa wote, na wewe na shemeji na nyumba yako nzima, Jumapili tarehe 24 Agosti, misa ya saa tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Dorotea